Upepo wa tairi

Upepo wa tairi (kitaalamu: kanieneo au shinikizo la hewa ndani ya tairi) ni kani ambayo hewa iliyofungiwa ndani ya tairi inasukuma nayo kila sehemu ya kuta zake. Hewa hiyo ndiyo inayobeba gari. Mpira, nyuzi na waya za tairi zina kazi ya kuizuia isitoke na kuipa umbo, lakini zenyewe hubeba sehemu ndogo tu ya uzito. Tairi lisilo na upepo hulala chini hata kama ni jipya kabisa.

Kiasi cha upepo kinachofaa hutegemea uzito wa gari, ukubwa wa tairi, mzigo na mwendo. Makala hii inaeleza hasa magari mepesi: magari madogo ya michezo kama Mazda MX-5 na Toyota MR2, na pia magari madogo ya kawaida kama Toyota Vitz ambayo uzito wake unakaribiana nayo. Mifano imechukuliwa kutoka Mkoa wa Mara nchini Tanzania, yaani Musoma, Bunda na Butiama, ambako lami, changarawe na njia za vumbi hukutana katika safari moja.

Vipimo

Kipimo cha kimataifa cha kanieneo ni paskali. Kwa kuwa paskali moja ni ndogo mno, watengenezaji wa magari hutumia kilopaskali (kPa) au bar. Bar 1 ni kPa 100. Mafundi pancha wa Tanzania kwa kawaida hutumia PSI, yaani ratili kwa inchi mraba, na kPa 100 ni sawa na PSI 14.5.

Tofauti hii ya vipimo si jambo dogo. Magari mengi yanayotumika Tanzania yaliingizwa yakiwa yametumika Japani, na kibandiko kinachoonyesha upepo (kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva) kimeandikwa Kijapani. Dereva anaona tarakimu kama 220 na pembeni yake 2.2, asijue maana yake. Ya kwanza ni kPa, ya pili ni kilogramu kwa sentimita mraba, na zote mbili zinamaanisha takriban PSI 32. Asiyeweza kukisoma kibandiko humwachia fundi aamue, na fundi naye hutumia namba aliyoizoea, mara nyingi 35 au 40 kwa kila gari linalosimama mbele yake.

Kosa lingine la kawaida ni kusoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa mfano 44 au 51, na kuijaza. Hiyo ni upeo ambao tairi linaruhusiwa kufikia. Haisemi chochote kuhusu gari, kwa sababu tairi hilohilo linaweza kufungwa kwenye magari kumi yenye uzito tofauti.

Jinsi upepo unavyobeba gari

Sehemu ya tairi inayogusa barabara si kubwa. Ukigawa uzito unaobebwa na gurudumu moja kwa kanieneo ya hewa, unapata kwa makadirio eneo linalokanyaga chini.

Tuchukue Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Gari hilo lina uzito chini ya tani moja, na upepo uliopendekezwa na mtengenezaji ni PSI 26, sawa na kPa 179. Likiwa na dereva, tuseme kilogramu 1,040 kwa jumla, kila gurudumu linabeba takriban kilogramu 260, yaani kani ya niutoni 2,550. Gawanya kwa kPa 179, unapata sentimita mraba 142 hivi. Ni eneo dogo kuliko kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Gari likijazwa PSI 40, eneo hilo linashuka hadi karibu sentimita mraba 92. Kwa kweli ukuta wa tairi nao una ugumu wake, kwa hiyo tarakimu halisi hutofautiana kidogo na hesabu hii, lakini mwelekeo ni huohuo: zaidi ya theluthi moja ya mkanyagio imepotea kwa sababu ya tabia ya kujaza magari yote kwa namba moja.

Matokeo yake dereva huyahisi kwenye usukani. Gari linaruka juu ya kila jiwe, breki zinashika vibaya kwenye changarawe, na baada ya miezi kadhaa uso wa tairi unalika katikati huku pembeni ukibaki mzima. Tairi lililojazwa kupita kiasi pia linakuwa gumu kama ngoma. Likikanyaga jiwe lenye ncha haliwezi kulifunika kwa kujikunja, bali hulipokea kwa nguvu yote mahali pamoja na kukatika.

Kwa nini gari jepesi lina matatizo yake

Mtu anaweza kudhani kwamba gari jepesi hudhuru matairi kidogo kuliko gari zito. Kwa upande wa kulika kwa mpira hilo ni kweli. Lakini kuna mambo mawili yanayogeuza hesabu.

La kwanza ni ukubwa wa kosa. Vipimo vya bei nafuu vya upepo vinaweza kukosea kwa PSI 3 bila mtu kutambua. Kwa lori linalotumia PSI 100 kosa hilo ni asilimia 3. Kwa MX-5 inayotumia 26 ni karibu asilimia 12. Kipimo kilekile, fundi yuleyule, lakini gari moja limeharibiwa na lingine halikuhisi kitu.

La pili, ambalo ndilo chanzo cha uharibifu mwingi usiotarajiwa, ni kwamba gari jepesi halionyeshi kuwa limepungukiwa. Matairi ya kisasa huitwa radiali: nyuzi zake hukatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na ubavu wake huwa umetuna kidogo hata upepo ukiwa sawa. Gari la michezo hufungwa matairi yenye ubavu mfupi na mgumu. Weka gari la kilo 1,000 juu ya matairi hayo, punguza upepo hadi nusu, na kwa macho gari linasimama karibu vilevile. Mwenye gari hulizunguka asubuhi, hupiga tairi teke kama ilivyo desturi, huridhika, kisha huingia barabarani.

Ndani ya tairi mambo ni tofauti. Kila mzunguko wa gurudumu ubavu unakunjwa na kunyooshwa, na kadiri upepo unavyopungua ndivyo kukunjwa kunavyozidi. Mpira unaokunjwa hutoa joto. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, tairi dogo huzunguka takriban mara 15 kila sekunde, hivyo joto hujilimbikiza kabla halijaweza kutoka. Gundi inayoshikilia tabaka za mpira na nyuzi hulegea. Fundi akilifungua tairi kama hilo huona mduara mweusi uliosuguliwa upande wa ndani wa ubavu, na unga wa mpira ukimwagika kama masizi. Tairi hilo limekwisha, hata kama nje linang'aa na mifereji yake bado ni mirefu. Kuliziba pancha na kulirudisha barabarani ni hatari, kwa sababu ubavu uliopikwa unaweza kupasuka siku yoyote baadaye.

Kwa hiyo kipimo cha mkononi ndicho chombo pekee cha kuaminika. Tairi zima hupoteza kwa kawaida PSI 1 hadi 2 kwa mwezi kwa sababu hewa hupenya polepole kwenye mpira. Gari lililopimwa mwezi Januari na kusahauliwa hadi Juni linaweza kuwa limepoteza theluthi moja ya upepo wake bila kuwa na pancha yoyote.

Joto, kimo na safari ya kutoka pwani

Kipimo cha upepo hakisomi kanieneo yote ya hewa iliyo ndani ya tairi. Kinasoma tofauti kati ya ndani na nje. Kwa sababu hiyo mahali ulipo panahusika.

Dar es Salaam iko usawa wa bahari, ambako angahewa inasukuma kwa takriban PSI 14.7. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na mji wa Musoma uko ufukweni mwake, juu kidogo ya hapo. Kwenye kimo hicho angahewa inasukuma kwa PSI 12.8 tu. Tairi lililojazwa 26 Dar es Salaam litasoma karibu 28 likifika Musoma, bila mtu kuongeza hewa, ilimradi joto ni lilelile. Lakini joto si lilelile. Likijazwa mchana wa pwani wenye nyuzi 30 za selsiasi na kupimwa alfajiri ya Musoma yenye nyuzi 20, baridi peke yake itaondoa zaidi kidogo ya PSI 1. Mambo haya mawili hupingana, na mara nyingi msafiri hukuta namba iliyo karibu na ile aliyoanza nayo, akadhani hakuna kilichobadilika.

Kanuni ya joto ni rahisi. Kwa ujazo usiobadilika, kanieneo kamili ya gesi huongezeka kwa uwiano na joto lake likihesabiwa kwa kelvini. Kwa tairi la gari dogo katika kimo cha Musoma hilo linamaanisha takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 7 za selsiasi.

Hapa ndipo madereva wengi hujidhuru wakiwa na nia njema. Mtu anatoka Musoma asubuhi akiwa na 26. Anafika Bunda jua likiwa kali, matairi yamepanda hadi nyuzi 50 hivi. Anapima na kukuta karibu 30. Anaona upepo umezidi, anautoa hadi 26. Usiku tairi linapoa, na asubuhi inayofuata lina chini ya 23. Akirudia hivyo safari mbili au tatu anaendesha juu ya matairi yaliyopungukiwa vibaya, huku kila mara akiwa na hakika kwamba ameyapima. Namba ya kwenye kibandiko ni ya tairi lililopoa, yaani gari lililosimama saa kadhaa kivulini au lililotembea kilomita mbili tatu tu kwa mwendo wa pole. Upepo unaopanda safarini haupaswi kutolewa, kwa kuwa mtengenezaji ameshauhesabu.

Hata kuegesha kuna athari. Gari lililosimama upande mmoja juani na upande mwingine kivulini litatoa vipimo viwili tofauti, ingawa matairi yote yana kiasi kilekile cha hewa.

Baadhi ya gereji huuza nitrojeni badala ya hewa ya kawaida. Hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78. Nitrojeni safi haina mvuke wa maji na hutoka polepole kidogo, faida ambayo ina maana kwenye ndege na magari ya mashindano. Kwa gari la mjini, kupima mara mbili kwa mwezi kunasaidia zaidi na hakuna gharama.

Uharibifu usiotarajiwa barabarani

Barabara kuu ya Mkoa wa Mara inatoka Mwanza, inapita Bunda, na kuendelea kaskazini hadi Sirari kwenye mpaka wa Kenya. Musoma na Butiama hufikiwa kwa njia zinazotoka kwenye barabara hiyo, kila moja upande wake: Musoma magharibi ziwani, Butiama mashariki. Kusini mwa Bunda, karibu na Lamadi, kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nje ya lami kuna barabara za changarawe na moramu, ambazo madereva huziita rafu rodi, na katika nchi yenye miamba ya matale kama ile inayozunguka Musoma, mawe ya barabarani mara nyingi huwa na kona kali.

Uharibifu unaowashangaza watu zaidi ni nundu ya ubavuni. Gurudumu linapoingia kwenye shimo lenye ukingo mkali, tairi linabanwa kati ya ukingo huo na rimu. Kwa sekunde ndogo sana ubavu unakunjwa mara mbili na nyuzi zilizo ndani yake hukatika, ilhali mpira wa nje na wa ndani unarudi mahali pake bila alama. Hewa haitoki. Dereva anasikia kishindo, anashuka, anaangalia, haoni kitu, anaendelea. Siku au wiki baadaye hewa inausukuma ubavu mahali ambapo nyuzi hazipo tena, na kivimbe kama nusu ya yai kinajitokeza. Hapo tairi linashikiliwa na mpira mtupu. Nundu haitibiki kwa kiraka wala kwa tyubu.

Urefu wa ubavu ndio unaoamua ni kishindo gani kitafika kwenye rimu. Tarakimu zilizo ubavuni hueleza hilo: 185/60R14 ni tairi lenye upana wa milimita 185, ubavu wenye urefu wa asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 111, na rimu ya inchi 14. Mwenye gari anayebadilisha rimu ili lipendeze, akafunga 205/45R16, amebaki na ubavu wa milimita 92. Gari la utalii la Serengeti lenye 265/65R17 lina milimita 172. Rimu kubwa zina sifa zake kwenye lami nzuri, ila kwa anayekaa Butiama au anayekwenda mara kwa mara vijijini ni uchaguzi mbaya, na inafaa kulisema waziwazi. Milimita 19 zinazopotea ndizo ambazo zingelimeza shimo.

Ukingo wa lami nao una madhara. Mahali ambapo lami imemegeka pembeni, kuna ngazi kati yake na bega la barabara. Dereva wa gari dogo anapompisha basi hushuka na magurudumu mawili, kisha hujaribu kupanda tena kwa pembe ndogo, na ubavu husuguliwa na ukingo kama kisu kwenye kinoo. Afadhali kupunguza mwendo, kushuka kabisa, na kupanda kwa kukata pembe kubwa zaidi.

Kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi, tatizo ni mtikisiko unaorudiwarudiwa. Joto hupanda, viungo vya usukani hulegea, na magurudumu yakitoka kwenye mstari wake matairi hulika upande mmoja. Kwenye gari la michezo lililoshushwa, upande wa ndani hulika kwanza, mahali ambapo mtu haoni asipoinama. Wengi hugundua waya zikiwa tayari zimejitokeza.

Miiba ya migunga huchoma matairi ya magari yote, lakini hufanya kazi polepole. Mwiba ukibaki ndani hujiziba wenyewe kwa kiasi fulani na kutoa hewa kidogokidogo kwa siku nyingi. Kwa gari zito dereva huona tairi limelegea. Kwa gari jepesi, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu, haoni. Wakati wa masika na vuli maji husafisha vumbi na kuacha mawe makali yamesimama, na mpira wenye maji hukatika kwa urahisi kuliko mpira mkavu, hivyo michomo huongezeka.

Mzigo

Kila tairi lina namba ya uwezo wa kubeba, iliyoandikwa baada ya ukubwa wake. Namba 75 ni kilogramu 387, namba 82 ni kilogramu 475, namba 88 ni kilogramu 560, na 91 ni kilogramu 615, kila moja kwa upepo unaotakiwa.

Gari la michezo lenye viti viwili mara chache hufikia kikomo hicho. Ndugu zake wa kazi hukifikia kila siku. Katika Kanda ya Ziwa magari madogo kama Toyota Probox hubeba abiria kati ya miji, na si ajabu kukuta watu tisa ndani. Hesabu ya haraka: gari la kilogramu 1,050, watu tisa wa kilogramu 65 na mizigo ya kilogramu 100 hufanya kilogramu 1,735. Ikiwa asilimia 60 ziko nyuma, kila tairi la nyuma linabeba kilogramu 520. Probox ya mizigo ilitoka kiwandani na matairi ya aina ya magari ya mizigo. Ikifungwa matairi ya kawaida ya gari dogo yenye namba 82, imezidiwa kwa kilogramu 45 kila upande kabla haijakanyaga shimo lolote. Ongeza upungufu wa upepo na jua la mchana, na tairi la nyuma linapopasuka kwenye mteremko si bahati mbaya.

Kwa magari yenye injini katikati au nyuma, kama MR2, matairi ya nyuma hupewa upepo mwingi kuliko ya mbele hata gari likiwa tupu. Kuyasawazisha yote manne, jambo ambalo fundi hulifanya kwa kudhani anasaidia, hubadilisha tabia ya gari kwenye kona na kulifanya nyuma iteleze ghafla.

Tairi likipasuka gari likiwa kwenye mwendo, kukanyaga breki kwa nguvu huongeza hatari. Inashauriwa kushika usukani kwa nguvu na kunyoosha, kuachia mafuta taratibu, na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe kabla ya kutoka pembeni.

Historia

Mskoti Robert William Thomson alisajili tairi la upepo mwaka 1845, lakini wazo lake lilisahauliwa. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilibuni upya mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake. Ndugu wa Michelin walilipeleka kwenye gari katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris ya mwaka 1895. Gari lao lilipata pancha nyingi njiani na halikushinda, lakini miaka michache baadaye karibu kila gari lilikuwa na matairi ya upepo. Tairi la radiali lilitoka kwa kampuni hiyohiyo mwaka 1946.

Katika Afrika ya Mashariki uwanja mkubwa wa majaribio ulikuwa mbio za magari za Safari. Zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za kawaida za nchi hizo. Wengi waliamini kwamba gari dogo la michezo haliwezi kumaliza mashindano hayo. Datsun 240Z, gari la viti viwili lenye uzito wa tani moja na kidogo, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kushinda mara tano kwa jumla. Magari hayo hayakukimbia kwa matairi mapana yenye ubavu mfupi. Yalifungwa matairi membamba, marefu na yenye ubavu mnene, kinyume cha kinachoonekana leo kwenye magari ya vijana mijini.

Katika miaka ya 1990 timu za mbio za dunia zilijaza povu maalumu ndani ya matairi ili gari liendelee hata likitobolewa. Baadaye kanuni zilikataza. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, matairi yalirudi kuwa jambo la kuamua matokeo. Mwaka 2022 bingwa mara nyingi Sébastien Ogier alipata pancha iliyomwondoa kwenye kinyang'anyiro cha ushindi, akamaliza wa nne nyuma ya wenzake watatu wa timu ileile ya Toyota.

Tanzania yenyewe iliwahi kutengeneza matairi katika kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, kilichosimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo matairi huagizwa kutoka nje.

Umri wa tairi

Tairi huzeeka hata lisipotumika. Oksijeni, joto na mwanga wa jua hukausha mpira na kuufanya uwe na nyufa ndogo ubavuni, na jua la maeneo yaliyo karibu na ikweta huharakisha hilo. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Namba hiyo inaweza kuwa upande wa ndani tu, hivyo lazima mtu aingie chini ya gari.

Magari ya michezo yanaathirika zaidi kwa sababu hutembea kidogo. Gari lililokaa miaka kadhaa kwenye maegesho huko Japani, likavuka bahari, likasubiri bandarini, linaweza kufika Musoma likiwa na matairi yenye mifereji mirefu na umri wa miaka kumi. Mnunuzi huyaona kama mapya. Kwa upande mwingine, tairi lililolika hadi kwenye vijivimbe vidogo vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo vina urefu wa milimita 1.6, limefika mwisho wake bila kujali umri. Lile lililopita hapo huitwa kipara, na kwenye lami yenye maji halina njia ya kuyatoa maji chini yake.

Pancha na matengenezo

Tundu dogo la msumari katikati ya uso wa tairi linaweza kuzibwa vizuri. Njia bora ni kulitoa tairi kwenye rimu, kuangalia ndani, na kubandika kiraka chenye shina linalojaza tundu. Kuchomeka uzi wa mpira kutoka nje ni haraka na kunatosha kufika nyumbani, lakini fundi hajaona hali ya ndani, na kwa gari jepesi lililotembea bila upepo hali ya ndani ndiyo muhimu kuliko tundu lenyewe.

Kuweka tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ni desturi iliyoenea. Tyubu husuguana na ukuta wa ndani, hutoa joto, na ikitobolewa hutoa hewa yote mara moja, tofauti na tairi lisilo na tyubu ambalo huvuja polepole. Tundu lililo ubavuni au kwenye bega la tairi halizibwi.

Valvu nayo ikaguliwe kila tairi linapobadilishwa. Mpira wake hupasuka kwenye shina, na kifuniko kidogo kinachopotea kila mara ndicho kinachozuia vumbi la barabara lisiingie kwenye pini yake na kuiacha wazi.

Magari mengi ya michezo hayana tairi la akiba. Badala yake huja na chupa ya ute wa kuzibia na pampu ndogo inayotumia umeme wa gari. Ute huo huziba tundu la msumari. Hauwezi kuziba ubavu uliokatwa na jiwe wala ule uliobanwa kwenye shimo. Anayesafiri nalo nje ya barabara kuu ya Mara hufanya vyema kubeba gurudumu kamili, hata kama litachukua nafasi ya mizigo yote, pamoja na jeki na kipimo cha upepo.